Kutangazwa mufilisi: Mlango wa sheria ambao wadaiwa wengi huogopa kuubisha

MNAMO mwaka wa 2016, mwalimu mmoja mstaafu aliketi katika ofisi ya wakili mjini Nakuru akiwa amepakata mkoba uliofura barua za madai. Miaka michache awali alikuwa ametwaa malipo yake ya kustaafu, akayaongeza kwa mkopo, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Biashara ilinawiri hadi alipokubali kumkopesha mwanakandarasi saruji na mabati, naye mwanakandarasi huyo akawa anasubiri malipo ya kazi ya umma yasiyofika. Rafu za duka zikawa tupu, huku madeni yakizidi kupanda.

Nilikuwa nimeandamana naye siku hiyo kwa sababu ambayo si ya urafiki pekee. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watano waliotia saini kumdhamini katika chama chetu cha akiba na mikopo.

Wakili alizisoma barua zile moja baada ya nyingine, kisha akamweleza kwamba Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya mwaka uliotangulia, na kwamba angeweza kwenda mwenyewe mahakamani kuomba atangazwe mufilisi. Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Wakili, mimi nimewafunza watu wengi wa mji huu kusoma. Sasa unataka jina langu ndilo walisome?"

Akafunga mkoba wake, tukaondoka.

Kisa hicho kimenirudia mara nyingi kila nisikiapo watu wakijadili madeni. Nchini Kenya tunakopa benki, tunakopa katika Sacco, tunakopa chamani, tunakopa dukani, na tangu huduma ya M-Shwari ilipoanzishwa mwishoni mwa mwaka wa 2012 tunakopa kwa simu tukiwa tumelala kitandani. Lakini ni wachache mno wanaojua kwamba sheria imeweka utaratibu wa mtu kukiri hadharani kwamba ameshindwa kulipa, mali yake ikagawanywa kwa haki, kisha akaanza upya. Na miongoni mwa hao wachache wanaojua, wengi husema kama alivyosema Mwalimu.

Neno lenyewe linatisha. Mufilisi limetokana na Kiarabu, na ni ndugu ya neno fulusi, yaani pesa. Asili yake ni sarafu ndogo za shaba. Mufilisi ni mtu aliyekuwa na dhahabu na fedha, sasa amebakiwa na vijisarafu vya shaba tu. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limepanuka likawa tusi. Husemwa fulani amefilisika kimawazo, chama fulani cha siasa kimefilisika kisera. Si ajabu basi kwamba mtu hukubali kuitwa maskini, hata fukara, lakini si mufilisi.

Methali zetu nazo haziachi mwanya. Kukopa harusi, kulipa matanga. Dawa ya deni ni kulipa. Hakuna methali ninayoijua inayosema kwamba dawa ya deni ni kwenda Mahakama Kuu.

Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wengine

Woga huu una historia. Sheria ya kwanza ya kufilisika iliyodumu nchini, ile iliyojulikana kama Sura ya 53, ilitungwa wakati wa ukoloni kwa kufuata mtindo wa Uingereza. Ililenga wafanyabiashara, ambao zama hizo walikuwa hasa Wazungu na Wahindi. Mwafrika hakutazamiwa kufilisika kwa sababu hakutazamiwa kukopa. Sheria nyingine za kikoloni zilimwekea mipaka ya mkopo ambao mdai angeweza kumshtaki nao. Kwa hiyo vizazi vilikua bila kumwona jirani yeyote akipitia utaratibu huo. Waliloliona ni dalali akija na lori kubeba makochi, ng'ombe na mabati.

Isitoshe, sheria hiyo ya kale ilikuwa kali. Aliyetangazwa mufilisi hakuachiliwa kwa kupita kwa muda tu. Alipaswa kurudi mahakamani kuomba aondolewe hali hiyo, na asiyekuwa na nguvu au pesa za kurudi aliishi nayo hadi kaburini.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka wa 2015 ilibadilisha mambo mengi. Mdai angali anaweza kumfikisha mdaiwa mahakamani ili atangazwe mufilisi, baada ya kumpa ilani ya siku 21 ya kulipa. Ila mdaiwa naye anaweza kuomba mwenyewe, akiambatisha taarifa kamili ya hali yake ya kifedha: anachomiliki, anachodaiwa, na wanaomdai ni kina nani. Mahakama Kuu ikiridhika, hutoa amri, na mali yake huwekwa chini ya msimamizi. Afisa anayesimamia shughuli hizi kwa niaba ya serikali, pamoja na kutunza daftari la majina ya waliofilisika, ni Mpokezi Rasmi, ambaye ofisi yake imo katika Huduma ya Usajili wa Biashara.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hali hii ina kikomo. Miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa yake ya fedha, mtu huyo huachiliwa moja kwa moja, isipokuwa msimamizi au mdai awe amepinga na mahakama ikamsikiliza. Akiachiliwa, madeni yaliyostahili kudaiwa katika kesi ile humwondokea. Hayamwondokei yote, hata hivyo. Deni lililotokana na ulaghai hubaki. Pesa za matunzo ya mtoto au mke hubaki. Sheria haikukusudia kumpa baba mtoro mahali pa kujificha.

Na si kweli kwamba mufilisi huachwa uchi, kama wasemavyo watu vijiweni. Vifaa anavyohitaji kufanyia kazi, vyombo vya lazima vya nyumbani na nguo zake huachiwa, kwa viwango vilivyowekwa. Cherehani ya fundi na misumeno ya seremala si vitu vya kunadiwa ovyo.

Lakini tusipake mambo sukari. Katika miaka hiyo mitatu mufilisi hawezi kuendesha biashara bila idhini. Hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Anapotaka mkopo wa maana, ni kosa kumficha anayemkopesha kwamba yeye ni mufilisi. Na Katiba ya mwaka wa 2010, katika vifungu vya 99 na 193, inamzuia mtu ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge au udiwani wa kaunti. Wasomaji watakumbuka sarakasi ya Oktoba 2017, wakati Cyrus Jirongo, aliyekuwa mgombea wa urais, alipoondolewa katika orodha ya marudio ya uchaguzi kwa sababu ya amri ya kufilisika, kisha akarejeshwa siku chache kabla ya kura baada ya mahakama kuisimamisha amri hiyo. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza neno mufilisi kusikika katika habari za saa moja, na lilisikika kama silaha ya kisiasa, si kama kimbilio la mwenye dhiki.

Jela ya madeni

Kinachowasukuma wengi kufikiria njia hii si hamu ya kuanza upya, bali hofu ya kufungwa. Sheria ya utaratibu wa kesi za madai inamruhusu mdai aliyeshinda kesi kuomba mdaiwa awekwe jela kwa muda usiozidi miezi sita, na mdai ndiye anayegharimia chakula chake humo. Akitoka, deni lingali palepale. Sijawahi kuelewa hekima ya kumfungia mtu asiye na pesa mahali ambapo hawezi kutafuta pesa.

Septemba 2010, wiki chache tu baada ya Katiba mpya kuzinduliwa, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye mwaka wa 2021 alikuja kuwa Jaji Mkuu, alisikiliza ombi la mwanamke aliyekuwa akikabiliwa na kifungo cha namna hiyo na ambaye alikuwa ameomba kutangazwa mufilisi. Jaji alikumbusha kwamba mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya iliukubali mwaka wa 1972, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Habari hizo zilienea haraka, na wadaiwa wengi wakadhani jela ya madeni imefutwa.

Haikufutwa. Mwaka wa 2012 Jaji David Majanja alifafanua kwamba kifungo hicho hakipingani na Katiba chenyewe, mradi mdaiwa apewe ilani na asikilizwe, na mradi itofautishwe kati ya asiyeweza kulipa na anayeweza lakini hataki. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo. Majaji wameyakataa maombi ya watu waliokimbilia ufilisi saa ya mwisho, dalali akiwa mlangoni, huku taarifa zao za fedha zikiwa na mashimo. Anayeomba kufilisiwa huapa kwamba amesema kweli yote. Shamba lililohamishiwa jina la shemeji mwezi uliopita huja kuulizwa.

Nimewahi kuzungumza na mtu aliyepitia safari hiyo yote. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Mombasa, akaomba mwaka wa 2018. Aliniambia kwamba sehemu ngumu kuliko zote haikuwa mahakamani. Ilikuwa usiku alipoketi mezani na mkewe kuandika orodha ya madeni, kwa kuwa kulikuwa na manne ambayo mkewe hakuyajua. Alisema: "Hakimu wangu wa kwanza alikuwa mama watoto. Wa pili alikuwa mwepesi."

Tangazo lilipotoka, alikaa ndani wiki moja akingoja aibu ibishe hodi. Walimpigia simu wawili tu, na mmoja wao alitaka kujua wakili wake ni nani. Alichokiona baadaye ndicho kilichomuuma: muuza jumla aliyemfahamu kwa miaka mingi alianza kudai pesa taslimu hata kwa sanduku moja la fulana, akiambiwa atampa kaka yake mali hiyo hiyo kwa mkopo. Aliachiliwa mwaka wa 2022. Nilipomuuliza kama angefanya tena, alisema angefanya miaka miwili mapema, kabla ya kukopa kwa watu wa mitaani ili kulipa benki.

Kwa upande wake, imamu wa mtaa wake hakumlaumu. Mwambao una desturi yake kuhusu deni, iliyojengwa juu ya dini. Msomaji wa Kurani anajua kwamba sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni sadaka iliyo bora zaidi. Lakini desturi hiyo hiyo haichukulii deni kwa wepesi. Katika mazishi, jamaa hutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, na madeni hulipwa kabla ya warithi kugawana chochote. Mfanyabiashara yule alisema sheria ilimwachilia, lakini angali anaweka kando kidogo kila mwezi kwa wale wadai wawili walioumia zaidi. Hakuna mahakama iliyomwamuru.

Wakenya wanaoishi Marekani hushangazwa na urahisi wa mambo kule. Jirani huomba kufilisiwa kwa sababu ya bili za hospitali au kadi za mkopo, na miezi michache baadaye yuko kazini kama kawaida, ingawa rekodi hiyo yaweza kukaa katika taarifa zake za mikopo hadi miaka kumi. Wengine wakirudi nyumbani hutuambia kwamba sisi tunajitesa bure kwa fahari. Ninadhani wanasahau jambo moja.

Wadhamini

Marekani mtu hukopa kwa jina lake na alama zake za mkopo. Hapa kwetu, mwalimu, muuguzi au mkulima wa chai hukopa kwa saini za marafiki. Sacco haichukui hati ya shamba. Inachukua akiba za wenzake. Na sheria ya ufilisi iko wazi kuhusu hili: kuachiliwa kwa mufilisi hakumwachilii mdhamini wake. Deni linapomtoka mkopaji, halipotei hewani. Huwaangukia waliomwamini.

Basi ule mkoba wa Mwalimu ulikuwa na namna mbili za madeni. Benki ilikuwa na hati ya kiwanja cha duka, na ingekiuza awe mufilisi au asiwe, kwani mdai mwenye dhamana ya mali hana haja ya kungoja foleni. Wauzaji wa jumla wawili na yule mkopeshaji wa mtaani wangezuiwa kumfuata, wangepata mgao wao kama upo, na mwaka wa 2019 yangekuwa yamekwisha. Lakini Sacco ingetugeukia sisi watano asubuhi iliyofuata. Mmoja wetu alikuwa mjane mwenye watoto wawili katika shule ya upili.

Nakiri kwamba siku ile alipofunga mkoba wake, nilipumua. Nilijiambia kwamba nasikitika kwa ajili yake, na kweli nilisikitika, lakini moyoni nilikuwa nimefarijika. Ilinichukua miaka kutambua kwamba Mwalimu alikuwa amelitazama jambo hilo pia. Ile kauli yake kuhusu jina ilikuwa ya kumjibu wakili. Sisi hakututamkia neno.

Aliuza ekari mbili alizorithi kwa babake. Bei haikutosha, na kwa miezi kadhaa Sacco ilikata akiba zetu vilevile. Zangu zilipungua kwa Sh84,000. Mkewe alihamia kwa binti yao kwa muda. Mwalimu akaanza kufunza masomo ya ziada nyumbani mwake, wanafunzi sita, kisha kumi na wanne.

Kungekuwa na njia ya kati, na hapa ndipo ninapowalaumu mawakili na maafisa wanaohusika, kwa maana njia hizi hazitangazwi. Sheria hiyo hiyo ya mwaka wa 2015 inamruhusu mdaiwa kupendekeza mpango wa malipo kwa wadai wake chini ya msimamizi, wakaupigia kura, bila kufikia hatua ya kutangazwa mufilisi. Inaruhusu pia agizo la kulipa kwa awamu kwa mtu mwenye kipato kidogo lakini cha kuaminika. Mtu mwenye malipo ya uzeeni na wanafunzi kumi na wanne angefaa kabisa. Wakili wetu hakutaja lolote kati ya hayo, ama kwa kutojua, ama kwa kuona mkoba haukuwa na ada ya kutosha.

Tena kuna utaratibu wa asiye na mali kabisa, ambao kwa maoni yangu ndio unaopaswa kubandikwa kwenye kuta za masoko. Anayedaiwa jumla isiyopungua Sh100,000 wala kuzidi Sh4 milioni, asiye na chochote cha kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na ambaye hajawahi kufilisika, anaweza kumwomba Mpokezi Rasmi aingizwe humo bila kesi ya Mahakama Kuu. Wadai wake husimama. Baada ya miezi 12 huachiliwa. Ni mara moja tu maishani, na mwenye kuficha mali hutolewa nje.

Ninamfahamu mama mmoja muuza mitumba katika soko la Gikomba ambaye masharti hayo yanamwenea kama kanzu iliyoshonwa na fundi. Moto uliteketeza bidhaa zake, na moto si mgeni sokoni humo. Akakopa kwa simu kununua robota jipya, akakopa programu ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili. Kabla ya Benki Kuu kupewa mamlaka ya kuwadhibiti wakopeshaji hao kupitia marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2021 na kanuni za mwaka wa 2022, baadhi yao walikuwa wakiwapigia simu watu waliomo katika orodha ya simu ya mdaiwa. Walimpigia mchungaji wake. Walimpigia mwalimu wa mtoto wake. Aibu ambayo Mwalimu wa Nakuru aliikimbia, mama huyu aliletewa hadi mlangoni bila faida yoyote ya sheria.

Nilipomweleza kuhusu utaratibu wa miezi 12, aliuliza swali moja tu: "Na wanawake wa chama, pesa zao zitaenda wapi?"

Nilimjibu kweli, kwamba nao ni wadai kama wadai wengine, na kwamba wangesimamishwa pamoja nao. Akatikisa kichwa, akaendelea kupanga sweta za watoto kwa rangi. Programu za simu angekubali zisimame, alisema, lakini si wenzake wa meza za jirani, ambao siku ya moto ndio waliovuta robota zake mbili za mwisho nje. Sheria haimruhusu kuchagua hivyo. Orodha ni ya wadai wote.

Julai 2023, Mwalimu alinipigia simu kunijulisha kwamba awamu ya mwisho ya Sacco imelipwa na kwamba mimi na wenzangu turudi tukaangalie akiba zetu. Zilikuwa zimerejeshwa zote. Nilimtembelea mwezi uliofuata. Tulikunywa chai barazani, na katikati ya mazungumzo mengine akaniuliza, kana kwamba anauliza habari za mvua, yule wakili alisema ni miaka mingapi.

"Mitatu, Mwalimu."

Alihesabu kwa vidole kutoka 2016. Kisha akasema muuzaji wa jumla mmoja bado anamdai Sh140,000, na kwamba ameomba amlipe kufikia Desemba.